Mchezo uingie ndani ya hesabu: kuwazoeza watoto kugawanya namba kubwa

Hotuba kwa walimu na wazazi wa shule za msingi, Goma

Ndugu walimu, wazazi wetu mama na baba, wakurugenzi wa shule mliotukaribisha mchana huu, tumekuja na neno moja. Mtoto hachoshwi na kugawanya kwa sababu hesabu yenyewe ni ndefu. Anachoka kwa sababu kuna mahali anapopotea, kila siku palepale, na hakuna anayemwonyesha ni wapi. Basi mchezo unaofaa ni ule unaowekwa hapohapo anapopotea. Pipi baada ya zoezi, wimbo kabla ya zoezi, makofi kwa aliyemaliza wa kwanza, hivyo vyote viko nje ya hesabu. Vikiisha, mtoto anarudi kwenye kaye yake, yaani daftari, na ugumu wake uko vilevile.

Mfuate kwa macho mtoto wa mwaka wa nne au wa tano anapogawanya. Anafanya kazi nne zikifuatana: anagawa, anazidisha, anatoa, anashusha tarakimu inayofuata, kisha anaanza upya. Kila mwalimu hapa anaujua mzunguko huo, na watoto wengi wanaukariri vizuri. Wanakwama kwingine. Mmoja hajui anachogawa: kwake 8 iliyo mwanzoni mwa 852 ni nane tu, wala si mia nane. Mwingine anaruka sifuri. Mwingine, akipewa namba inayogawa yenye tarakimu mbili, hajui ajaribu tarakimu ipi. Anaandika 9, anafuta, anaandika 8, anafuta, mpaka karatasi inatoboka. Na yuko anayeacha baki kubwa kuliko namba inayogawa, naye anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Jedwali la kuzidisha lisilokaa kichwani linaongeza uzito juu ya hayo yote, lakini tusilisingizie kila kosa. Yupo mtoto anayejua jedwali lote mpaka mara tisa, na bado anaandika kwamba 618 gawa kwa 6 ni 13.

Mchezo wa kwanza tunauita benki, na ndio tunaowaomba muupe muda mrefu kuliko mingine yote.

Kikundi kina watoto 8. Mmoja ni benki, mmoja ni mwandishi, sita ni wapokeaji. Darasa la watoto 64 linatoa vikundi 8 kamili, na wakizidi, mpe mwandishi msaidizi. Vifaa ni karatasi tu. Karatasi moja ya kaye ikikunjwa katikati mara nne na kukatwa inatoa vipande 16. Karatasi 5 zinatoa 80, na kikundi kinahitaji 69: vipande 9 vilivyoandikwa mia, 30 vilivyoandikwa kumi, 30 vilivyoandikwa moja. Noti za kweli hazisaidii hapa, maana faranga moja na faranga kumi hazionekani tena sokoni. Mamoja yanaweza kuwa yale mawe madogo meusi ya volkano yaliyojaa kila uwanja wa mji huu, hayana bei. Mia na kumi ziwe karatasi, kwa sababu mtoto akiambiwa jiwe hili ni mia na lile ni kumi, baada ya dakika mbili hajui tena lipi ni lipi.

Tuseme tunagawa 852 kwa 6. Kikundi kinaweka mezani mia 8, kumi 5 na moja 2. Vipande vingine vinakaa kwa benki. Wanaanza na mia. Kila mpokeaji anapata mia moja, zimebaki mbili. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mia mbili haziwezi kugawiwa watu sita zikiwa zima, basi zinakwenda benki, na benki inatoa kumi 20. Pamoja na zile 5 zilizokuwa mezani, zimekuwa 25. Kila mmoja anapata kumi nne, imebaki moja. Hiyo nayo inakwenda benki, inarudi kama moja 10, pamoja na zile 2 zinakuwa 12. Kila mmoja anapata mbili. Kila mpokeaji sasa ana 142 mkononi, na anaweza kuzihesabu mbele ya wenzake.

Mwandishi ana sheria moja: haandiki chochote mpaka mikono imemaliza. Mia moja imetolewa kwa kila mtu, ndipo anaandika 1 kwenye jibu. Zimetumika mia 6, anaandika 6 chini ya 8. Zimebaki 2, anaandika 2. Benki imebadilisha na kumi 5 zimeingia, ndipo anashusha ile 5, na sasa 25 iliyo kwenye kaye ni kumi 25 zilizoko mezani, hazina siri tena. Kushusha tarakimu, ambako watoto wengi hukufanya kama desturi isiyo na sababu, sasa wamekuona kwa macho: ni kubadilisha noti kubwa kwa ndogo na kuziunganisha na ndogo zilizokuwapo.

Yanayoharibika yanajulikana. Benki inatoa kumi 10 badala ya 20 kwa sababu imebadilisha mia moja na kusahau ya pili. Basi mwandishi aihesabu benki kwa sauti. Wapokeaji wananyakua, basi mgawaji awe mmoja, na apite mzunguko mzima kabla ya kuanza mwingine. Na kuna kosa la mwalimu mwenyewe, la kuchagua namba bila kuijaribu nyumbani. 745 gawa kwa 5 inaonekana rahisi, lakini zinabaki kumi 4, benki inadaiwa moja 40 na ina 25 tu. Mchezo unasimama na watoto wanapiga kelele. Kwa vifaa vya vipande 69, chagueni namba ambazo baki ya kila hatua haizidi 2: 852 kwa 6, 725 kwa 5, 618 kwa 6. Ukigawa kwa 5, mpokeaji wa sita anakuwa mkaguzi.

Masomo mawili au matatu ya benki yanatosha. Baadaye ondoeni vipande, bakizeni maneno: mtoto aseme kwa Kiswahili, akiwa anaandika, “zimebaki mia mbili, nazibadilisha, zimekuwa kumi ishirini na tano.” Maneno ya Kifaransa ya kitabuni yaje mikono ikiwa imekwisha kuelewa. Jambo jingine la kupita haraka: katika shule zetu namba inayogawanywa hukaa kushoto, inayogawa hukaa kulia juu, na jibu chini yake. Vitabu kadhaa vinavyotoka kwa majirani zetu wa mashariki huweka inayogawa kushoto na jibu juu. Njia zote mbili ni sahihi, ila mtoto wa mwaka wa nne asichanganyiwe. Kaka au dada anayemsaidia nyumbani afuate ile ya kaye.

Sasa turudi kwa 618 gawa kwa 6. Kila mpokeaji amepata mia moja, hakuna mia iliyobaki. Kuna kumi moja tu mezani, na watu ni sita. Hakuna anayepata kumi. Mwandishi aandike nini? Aandike 0, kwa sababu swali “kila mmoja amepata kumi ngapi?” limeulizwa na jibu lake ni “hakuna.” Mtoto anayeruka sifuri ni mtoto aliyeona hakuna kilichogawiwa, akadhani hakuna cha kuandika. Ndiyo sababu kumwambia “usisahau sifuri” mara mia hakumsaidii.

Kinachomsaidia ni mchezo wa nukta, na huu ndio tunaoupenda kuliko yote kwa madarasa yaliyojaa, hasa tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure na mabenchi yakajaa zaidi. Hauhitaji kalamu wala karatasi. Mwalimu anaandika ubaoni hesabu kumi za kugawanya. Hakuna anayetafuta jibu. Swali ni moja tu: jibu litakuwa na tarakimu ngapi? Mwalimu anahesabu mpaka tatu, na watoto wote kwa pamoja wanainua vidole.

936 gawa kwa 4: tisa inatosha kugawiwa nne, tunaanza kwenye mia, vidole vitatu. 936 gawa kwa 12: tisa haitoshi, tunaanza na 93, vidole viwili. 1 248 gawa kwa 24: moja haitoshi, 12 haitoshi, 124 inatosha, vidole viwili. 5 035 gawa kwa 5: vidole vinne. 4 212 gawa kwa 6: vidole vitatu. Mwalimu aliyesimama mbele anaona mara moja mikono iliyopotea, bila kusahihisha kaye hata moja. Vidole viinuliwe kifuani, si juu ya kichwa, ili mtoto asiibe jibu la aliyekaa mbele yake. Hesabu kumi zinaisha kwa dakika tano.

Baada ya vidole, nukta zinaingia kwenye kaye. Kabla ya kugawanya 4 212 kwa 6, mtoto anaweka nukta tatu mahali pa jibu, kisha anajaza moja moja. 42 kwa 6 ni 7. Inashuka 1, haitoshi, 0. Inashuka 2, tunayo 12, 2. Jibu ni 702. Aliyeandika 72 anaona nukta moja haina mtu, na anarudi kutafuta mwenyewe. Kosa limejitangaza kabla kaye haijafika mezani kwa mwalimu.

Tuseme hapa neno kuhusu kile kipimo cha tisa ambacho wazazi wengi walifundishwa na bado wanawafundisha watoto nyumbani: unajumlisha tarakimu, unaondoa tisa, unalinganisha. Ni kizuri na watoto wanakipenda. 1 750 gawa kwa 23 ni 76, baki 2. Tarakimu za 23 zinatoa 5, za 76 zinatoa 13, yaani 4; 5 mara 4 ni 20, yaani 2; ongeza baki, 4. Tarakimu za 1 750 zinatoa 13, yaani 4. Vinalingana. Lakini kipimeni kipimo chenyewe kwa kosa la sifuri. Mtoto ameandika 618 gawa kwa 6 ni 13. Tarakimu za 13 ni 4, mara 6 ni 24, yaani 6. Za 618 ni 15, yaani 6. Vinalingana, na jibu ni la uongo! Sifuri haiongezi kitu kwenye jumla ya tarakimu, basi kipimo cha tisa hakiwezi kuiona ikikosekana. Hakioni pia tarakimu zilizogeuzwa, 67 badala ya 76. Makosa mawili ya kawaida kabisa yanapita chini yake. Nukta ndizo zinazoikamata sifuri, na kuzidisha jibu kwa namba inayogawa, kisha kuongeza baki, ndiko kunakoyakamata yote.

Sasa mahali pa kubahatisha. Namba inayogawa ikiwa na tarakimu mbili, mtoto aliyekuwa akifurahi ananyamaza. Anaona 1 748 gawa kwa 23 na hana jedwali la 23 kichwani, wala sisi hatunalo. Kwanza tumpe kijedwali cha kutengeneza mwenyewe pembeni mwa ukurasa, kwa kuzidisha mara mbili mbili: 23, 46, 92, 184. Hizo ni mara 1, mara 2, mara 4, mara 8. Aongeze mara 5, ambayo ni nusu ya 230, yaani 115. Kwa mistari hiyo mitano anapata tarakimu yoyote: mara 7 ni mara 5 na mara 2, yaani 115 na 46, ni 161. Kijedwali hiki kinatumia dakika moja na kinaokoa nusu ya kifutio.

Halafu wacheze panda-shuka, wawili wawili. Mmoja anakadiria tarakimu, mwenzake anaijaribu na kusema “panda,” “shuka,” au “kaa.” Aliyepata mara ya kwanza ana pointi 3, mara ya pili 2, mara ya tatu 1. Wanabadilishana. Hakuna pointi ya haraka, na tunaomba mshike sheria hii kwa nguvu, kwa sababu mara tu unapolipa haraka, mtoto anaacha kufikiri na kuanza kutupa namba.

Watagundua kitu ndani ya mchezo huo, na mwalimu awasubiri wakigundue. Kwa 174 gawa kwa 23, mtoto anaifanya 23 kuwa 20 na kusema 8. Mara 8 ni 184, imezidi. Shuka, ni 7. Kwa 198 gawa kwa 28, anaifanya 28 kuwa 30 na kusema 6. Mara 6 ni 168, inabaki 30, na 30 bado ina 28 ndani yake. Panda, ni 7. Ukiipunguza namba inayogawa, kadirio lako linaelekea kuzidi. Ukiiongeza, linaelekea kupungua. Mtoto aliyeliona hili mwenyewe mara tano hafuti tena ovyo: akiwa na 23 anajua atakuwa tayari kushuka, akiwa na 28 atakuwa tayari kupanda. Na ile baki kubwa kuliko namba inayogawa, ambayo tuliitaja kama kosa la nne, inapata jina ndani ya mchezo. Ni “panda” ambayo hakuna aliyeisema.

Sasa tufike kwenye hesabu inayowafanya watoto wapige kelele za furaha, na mwalimu apumzike kusahihisha. Mwambie kila mtoto achague namba ya tarakimu tatu, yoyote anayoitaka, asimwonyeshe mtu, na asianze na sifuri. Aiandike mara mbili mfululizo. Aliyechagua 352 anaandika 352 352. Sasa agawanye kwa 7. Jibu alilopata aligawanye kwa 11. Jibu la hapo aligawanye kwa 13.

352 352 gawa kwa 7 ni 50 336. Hiyo gawa kwa 11 ni 4 576. Hiyo gawa kwa 13 ni 352. Namba yake imerudi! Na ya jirani yake imerudi pia, ingawa alichagua nyingine kabisa. Watoto sitini wanafanya hesabu sitini tofauti, hakuna wa kunakili kwa mwenzake, na kila mmoja anajua mwenyewe kama amepatia. Kosa likiingia katikati, kwa kawaida linajionyesha mapema kwa baki. Katika mfano wetu sifuri iko palepale mwanzoni: 35 kwa 7 ni 5, inashuka 2, haitoshi, 0. Aliyeiruka amepata 5 336, na akiigawa kwa 11 anapata 485, baki 1. Hakuna baki inayotakiwa kuwapo, basi anajua kuna kitu, na anarudi nyuma hatua moja.

Sababu yake si uchawi, na watoto wa mwaka wa sita waambiwe. 7 mara 11 mara 13 ni 1 001. Kuandika namba ya tarakimu tatu mara mbili ni kuizidisha kwa 1 001: elfu moja ya 352 na 352 moja. Ukigawa kwa 7, kwa 11 na kwa 13, umeondoa ile 1 001 kipande kwa kipande. Lakini msiitoe sababu siku ya kwanza. Waacheni walale nayo.

Kwa wadogo ambao 352 352 ni ndefu mno, kuna nyingine. Chukua tarakimu moja, iandike mara tatu, na ugawe kwa jumla ya tarakimu zake. 444 gawa kwa 12. 555 gawa kwa 15. 888 gawa kwa 24. Gawia kila safu ya mabenchi tarakimu yake, kutoka 4 hadi 9, na uwaache walinganishe. Wote wamepata 37.

Na mwalimu anaweza kujitengenezea minyororo yake kwa kuanzia mwishoni. Anza na 3, zidisha kwa 9 upate 27, kwa 8 upate 216, kwa 4 upate 864, kwa 6 upate 5 184. Ubaoni andika kinyume: 5 184 gawa kwa 6, kisha kwa 4, kisha kwa 8, kisha kwa 9. Waambie mwisho wa njia ni 3. Asiyefika kwenye 3 atafute alipopinda. Dakika tano za maandalizi jioni zinakupa mazoezi ya siku nzima.

Mchezo wa baki ni wa wawili au watatu, unafaa sana nyumbani. Choreni njia ya visanduku 20 kwenye karatasi au kwa chaki sakafuni, kila kimoja na namba ya tarakimu mbili. Katika mkebe wekeni vizibo 6 vya chupa vilivyoandikwa 4, 5, 6, 7, 8, 9. Mchezaji akiwa juu ya 59 anatoa kizibo bila kutazama, amepata 8, 59 gawa kwa 8 ni 7, baki 3, anasonga visanduku 3. Dadu ya kawaida haifai sana kwa sababu 1 haina baki kamwe na 2 haivuki 1. Namba za njia zichaguliwe kwa akili. 71 ni nzuri: kwa vizibo vyote sita inatoa baki. 72 ni tope: kwa 4, 6, 8 na 9 inatoa sifuri, na unatoka tu kwa 5 au 7, visanduku viwili. Wekeni matope mawili au matatu, yasizidi, la sivyo watoto watakaa pale mpaka wachukie. Mchezaji akikosea hesabu na mwenzake akamgundua, anakaa alipo, na mwenzake anasonga kisanduku kimoja.

Mbio za kupokezana chaki tutazisema kwa ufupi, kwa sababu wengi mnazijua: safu ya benchi inapitisha karatasi moja, kila mtoto anafanya hatua moja tu na ana ruhusa ya kusahihisha hatua ya aliyemtangulia kabla ya kufanya yake. Zichezwe wakiwa wamekaa. Viwanja vyetu vingi ni mawe ya volkano, na mtoto anayekimbia na chaki mkononi anarudi na magoti yenye damu. Na safu isipate pointi mpaka mtoto aliyechaguliwa na mwalimu, si yule hodari wa kila siku, aeleze hatua mojawapo kwa maneno. Bila sheria hiyo, hodari mmoja anafanya kazi ya wote na wengine wanapitisha karatasi tu.

Tunawaomba pia mara moja kwa wiki muwape watoto hesabu zilizokwisha kufanywa, nne kwa mfano, moja kati yake ikiwa na kosa, na wao wawe wapelelezi. Aliyelipata asiseme tu ni wapi. Aseme aliyekosea alifikiri nini. “Aliona 1 haitoshi, akaendelea bila kuandika.” Watoto dhaifu wanang'aa sana katika mchezo huu, kwa kuwa makosa hayo wanayajua kutoka ndani.

Kuhusu matatizo ya maneno, tafadhali yatoke hapa tulipo, na yamlazimishe mtoto kuamua baki inamaanisha nini, maana hesabu ileile inaweza kuwa na majibu tofauti. Magunia 130 ya makala yanabebwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, 6 kwa kila safari. 130 gawa kwa 6 ni 21, baki 4. Safari ngapi? 22, kwa sababu yale manne hayawezi kuachwa barabarani. Mayai 500 yanapangwa kwenye plato za mayai 30. Ni 16, baki 20. Plato ngapi zimejaa? 16 tu. Faranga 20 000 zinagawiwa watoto 6. Kaye inasema 3 333, baki 2, lakini sokoni hakuna noti ya faranga 3. Wanaweza kupewa 3 300 kila mmoja, na zinabaki 200 za kuamua. Waacheni wabishane juu ya hizo 200, ndio ubishi mzuri kuliko wote wa juma.

Kwa wakubwa kuna nchi nzima ya kugawanya. Kongo ina karibu kilometa mraba 2 345 000, na tangu 2015 ina majimbo 26 tukihesabu Kinshasa. Kama yote yangekuwa sawa, kila moja lingepata 90 192, baki 8. Na angalieni sifuri ilipojificha. Halafu walinganishe: Tshopo, kubwa kuliko yote, ina karibu 199 600, zaidi ya mara mbili ya hilo fungu, na Kinshasa haifiki 10 000.

Wazazi, wengine mnatuambia hamkusoma sana na hamwezi kusaidia. Mnaweza. Mama anayerudi jioni kutoka soko la Virunga anajua kugawa faida na hasara kuliko kitabu chochote. Msikilize mtoto akisema hatua zake kwa sauti. Muulizeni maswali matatu: jibu litakuwa na tarakimu ngapi, kilichobaki ni kidogo kuliko unachogawa nacho, na ukizidisha kurudi nyuma unafika? Maswali hayo hayahitaji diploma. Na msimpe hesabu ishirini. Tatu zinatosha usiku mmoja, kama umeme upo au kama taa ndiyo hiyo moja. Moja iwe na sifuri ndani ya jibu, moja iwe na baki, moja ijirudie yenyewe kama ile ya 7, 11 na 13.

Darasani, dakika 10 kila siku zinazidi somo refu mara moja kwa juma, na simamisheni mchezo wakati watoto bado wanautaka. Benki wiki ya kwanza, nukta wiki ya pili pamoja na benki kidogo, panda-shuka pale tu namba za tarakimu mbili zinapoanza. Usianzishe michezo mitatu siku moja. Watoto watajifunza sheria za michezo badala ya kugawanya.

Sasa tuinuke tukae wanane wanane, walimu na wazazi pamoja. Karatasi tano ziko kwenye kila meza. Kunjeni mara nne, kateni, andikeni mia 9, kumi 30, moja 30. Mtagawa 725 kwa 5, na asiyepokea ni mkaguzi. Mwandishi asiguse kalamu mpaka mikono imemaliza.